Nyanya zinanyauka zikiwa kijani, muuza dawa ananiuzia tu, bwana shamba hajafika. Wenzangu wa mboga za biashara mnapata wapi ushauri?

mama_matenga (Ilula, Kilolo)

Kamwene wana Iringa, na wengine wote habari za jioni.

Naomba mnivumilie nikiandika kwa urefu, maana jambo hili nimekaa nalo wiki tatu na usingizi umenipungua. Nalima nyanya hapa Ilula tangu 2009. Nalima za kuuza. Ndizo zimesomesha wanangu wawili, na kila msimu matenga yangu yanapanda fuso kwenda Dar kama ya wenzangu. Msimu huu mwenye shamba nililozoea kukodi ameamua kulima mwenyewe, nikapata ekari moja na nusu bondeni karibu na mto, pazuri pa kumwagilia. Nikakopa 1,200,000 VICOBA. Mbegu nikanunua chotara, miche nikaikuza mwenyewe kitaluni, nikapandikiza wiki ya kwanza ya Januari, mashina kama elfu kumi na mbili hivi. Mwisho wa mwezi shamba lilikuwa limependeza mpaka watu wanaokwenda mtoni wanasimama kuangalia.

Katikati ya Februari, mchana mmoja, nikaona mashina matano kule chini karibu na mfereji yameinamisha majani kama yamekosa maji. Lakini mvua ilinyesha juzi yake, udongo ukiufinya unashikana mkononi. Jioni nikayarudia, nikakuta yameinuka. Nikamshukuru Mungu. Kesho yake saa sita yamelala tena, na siku ya tatu hayakuinuka. Majani bado ni ya kijani kabisa, hayana doa, hayana ukungu, mmea mzima umelegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto.

Nikaenda duka la pembejeo ninalonunua siku zote. Nikamwambia kijana mimea inanyauka. Akanipa dawa ya ukungu ya unga, mancozeb, na busta ya kukuzia mmea. Nikapiga. Baada ya siku nne yakawa mashina thelathini. Nikarudi, akanipa yenye metalaxyl, akasema ile ya kwanza ilikuwa ya kukinga, hii ndiyo ya kutibu, na nichanganye na ya wadudu ili nimalize kabisa. Nikapiga. Mara ya tatu akanipa ya kopa, nimwagie kwenye shina. Kila kitu nimeandika kwenye daftari: 386,000 pamoja na vibarua wa kupiga bomba. Leo asubuhi nimehesabu mashina 610 yaliyokufa, na sasa yanapanda juu kufuata mstari wa maji.

Bwana shamba wa kata nimempigia mara nne. Si mtu mbaya, ni kijana mstaarabu, simu anapokea. Mara ya kwanza alikuwa kwenye uandikishaji wa mbolea ya ruzuku. Mara ya pili alikuwa kikaoni. Mara ya tatu pikipiki haina mafuta, nikamwambia nitamtumia hela ya mafuta, nikasikia sauti yake imeingia aibu, akasema atakuja Ijumaa. Ijumaa mvua ikanyesha, njia ya bondeni ikakatika.

Kinachoniuma ni kwamba nimelima zaidi ya miaka kumi na tano, na mpaka leo mtu pekee anayeniambia shamba langu linaumwa nini ni yule anayepata faida nikinunua. Mahindi yana semina zake, tumbaku ina watu wake wanaozunguka, kahawa ina wenyewe. Sisi wa mboga, ambao tunatia hela nyingi kwa ekari kuliko wote hao, ukiuliza unaambiwa nenda dukani.

Kwa hiyo nina maswali mawili. Huu ni ugonjwa gani? Na nyie mnaolima kwa biashara mnampata wapi mtu wa kuja kuangalia shamba na kusema ukweli, hata kama ni kumlipa? Mnamlipaje? Nina nyanya zinazoanza kukaza matunda kule juu, nataka kuziokoa.

---

ugani_milimani (Mvomero)

Shikamoo mama. Pole kwa shamba, na pole kwa hela.

Usinunue dawa nyingine yoyote mpaka ufanye jambo moja, na halitakugharimu hata shilingi. Chukua shina lililonyauka leo au jana, lisiwe lililokwisha kauka. Likate karibu na ardhi kwa kisu kikali, upate kipande chenye urefu wa kidole. Lifute udongo. Chukua glasi ya kioo, iwe safi, weka maji safi, kisha ning'iniza kipande kile upande wa chini uguse maji. Usitikise. Kaa ukiangalia dakika tano mpaka kumi, ukiwa na mwanga nyuma ya glasi. Ukiona kitu cheupe kinashuka kutoka kwenye shina kama uzi wa maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Fanya hivyo hivyo kwa shina lisiloumwa kutoka kule juu ulinganishe.

Usipoona uzi, lipasue shina kwa urefu. Ukikuta ndani kahawia, na mmea ulianza kwa majani ya chini kugeuka njano, mara nyingi upande mmoja kwanza, hapo tunazungumza juu ya mnyauko fusari, na huo ni kuvu. Ng'oa pia na mizizi uioshe. Ikiwa na vifundo vifundo, una minyoo fundo, nao hutoboa mizizi na kumfungulia bakteria mlango.

Simu haioni shamba, lakini uliyoyaeleza yote yananielekeza kwa bakteria: kulala mchana na kuinuka jioni, kufa kukiwa kijani, kuanzia pale maji yanapotuama, na kufuata mfereji. Nakuambia mapema ili ujiandae. Kama ni yeye, hakuna dawa ya dukani inayoponya shina lililokwisha ugua. Mancozeb na metalaxyl ni dawa za kuvu. Huyu anaitwa Ralstonia, anakaa udongoni miaka, anaingilia mizizini, anaziba mishipa ya maji. Ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye tope.

Cha kufanya sasa ni kuwalinda wazima. Ng'oa waliougua pamoja na mizizi na udongo unaoshikana nayo, uweke kwenye kiroba, uchome au ufukie mbali na mto. Usiwatupe mferejini, tafadhali. Funga maji yanayopita kwenye eneo lililougua yasiende kwenye eneo lisilougua. Kazi za kila siku anzia kwenye wazima, malizia kwa wagonjwa, na jembe ulioshe kwa maji ya jiki kabla halijarudi juu. Vibarua nao buti zao.

Na muulize mwenye shamba kilicholimwa pale misimu mitatu iliyopita. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya, ngogwe, pilipili na tumbaku ni ukoo mmoja, na bakteria huyu anaujua ukoo mzima.

Swali lako la pili limenigusa, kwa sababu mimi ndiye bwana shamba anayepigiwa simu mara nne. Kata yangu ina vijiji vinne mlimani, watu wanalima kabichi, karoti, njegere na nyanya, na niko peke yangu. Tumeajiriwa na halmashauri, kwa hiyo kazi yoyote inayoangukia kata, iwe uandikishaji, iwe chanjo ya mifugo siku mwenzangu hayupo, inanikuta. Mwaka 2022 serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani nami nilipata, na sitakuwa mkweli nikisema haikusaidia. Kijiji cha juu nilikuwa nakifikia mara moja kwa mwezi, sasa nafika kila wiki. Lakini mafuta yana kiasi chake kwa mwezi, na mwezi wa mvua yanaisha tarehe kumi na nane.

Mkulima mmoja akinipigia anaingia kwenye foleni, na foleni ni ndefu. Wakulima kumi wa bonde moja wakinipigia wakasema "Alhamisi saa mbili tuko shambani kwa fulani, tunaumwa tatizo moja," hiyo naiandika kwenye ratiba kama shamba darasa, inahesabika kazi, na nafika. Jaribu hivyo kwa kijana wako. Na kabla hajaja, mtumie picha nne mchana kweupe: shamba zima kutoka mbali kidogo, mmea mzima, jani juu na chini yake, na mizizi iliyooshwa. Picha moja ya jani kiganjani usiku haimsaidii mtu.

---

pembejeo_mjikasoro (Morogoro)

Dada, pole sana. Mimi nauza pembejeo, na nimesoma ulichoandika mara mbili.

Afisa hapo juu amesema sawa kuhusu ugonjwa. Nataka niseme la upande wetu. Siku ya soko wanaingia dukani watu arobaini, na wengi wao wanaanza na "nipe dawa ya." Dawa ya kunyauka, dawa ya njano, dawa ya kudumaa. Kunyauka peke yake kuna magonjwa zaidi ya matatu ndani yake, bado wadudu wa mizizi na maji kuzidi. Mtu hana mmea mkononi, ana haraka ya kuwahi gari, na mimi nina rafu nzima nyuma yangu. Hapo ndipo tunapoharibu wote wawili.

Lakini huyo kijana alikosa mara ya pili. Dawa ikishindwa, muuzaji anatakiwa kuuliza, si kutafuta kali zaidi. Kwangu nimeweka sharti: mwenye ugonjwa shambani aje na mmea mzima na mizizi yake, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa ili usimwage udongo njiani. Nisipoujua namwambia siujui, napiga picha namtumia mtu anayejua. Wapo wateja waliokasirika wakaenda duka la pili. Wengi walirudi.

Na ukinunua, usome chini ya jina kubwa la biashara. Kuna jina la dawa yenyewe iliyomo ndani kwa herufi ndogo. Kuna namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuna tarehe, kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama lebo haina hivyo, iache hapo hapo mezani.

---

meru_mashariki (Ngarenanyuki)

Naunga mkono hilo la herufi ndogo, maana sisi lilitutia hasara kubwa.

Kantangaze, huyu mdudu wa nyanya anayezungumzwa nchi nzima, hapa Tanzania alionekana kwanza 2014 kwetu huku, kijiji cha Ngabobo. Hatukumjua. Tuliona majani yana mabaka meupe kama karatasi, ndani yana vinyesi vyeusi vidogo, kisha nyanya inatobolewa karibu na kikonyo. Kila mtu alikimbilia dukani. Mimi nilikuwa napiga kila baada ya siku tatu, bomba la lita 20, dawa tatu zimechanganywa ndani. Nilidhani nina silaha tatu. Baadaye binti mmoja mtaalamu alikuja kwenye kikundi chetu akatuambia tulete chupa zetu zote, azipange mezani. Zangu zilikuwa na majina matatu, rangi tatu, na mbili kati ya hizo ndani ni emamectin ile ile. Nilikuwa nampiga mdudu kwa fimbo moja niliyoinunua mara mbili.

Alichotufundisha siku ile natumia mpaka leo. Viuatilifu vya wadudu vina namba za kundi kutokana na namna vinavyoua. Emamectin na abamectin ni kundi la 6, spinosad ni la 5, chlorantraniliprole ni la 28. Ukitumia kundi moja msimu mzima, wanaobaki ni wale wasiokufa nalo, na hao ndio wanaozaa. Kizazi kimoja cha kantangaze ni kama mwezi, joto likipanda ni pungufu ya hapo. Basi unatumia kundi moja kwa kizazi kimoja, kizazi kinachofuata unahama. Na funza anakaa katikati ya jani, juu ana ngozi na chini ana ngozi, kwa hiyo dawa inayoua kwa kugusa tu inampita juu. Tunaweka pia beseni la maji yenye sabuni na kidonge cha harufu ya jike juu yake. Madume yanazama, na mimi asubuhi nayahesabu. Wakiwa wachache sipigi.

Daftari lako la hela ni zuri, mama. Ongeza safu moja ya namba ya kundi.

---

kitivo_chetu (Lushoto)

Shikamoo mama, pole na shamba.

Nijibu hilo la kumlipa mtu, maana sisi tunalipa, huu ni mwaka wa tatu. Tunalima kabichi, karoti na pilipili hoho kwenye vitivo, mabonde yetu ya maji huku milimani, na kila mtu ana kipande kidogo. Mmoja peke yake hawezi kumlipa mtaalamu. Tuko kumi na wanne. Kila mtu anatoa 15,000 kwa mwezi, jumla 210,000, na nauli ya bodaboda tunampa siku hiyo hiyo. Ni kijana aliyemaliza SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, alikuwa anatafuta ajira. Anakuja kila Jumanne, iwe msimu au si msimu, anaanza kwa wa chini anamaliza kwa wa juu, na lazima kila mwenye shamba awepo, haruhusiwi kumtuma mtoto.

Sharti letu kuu tuliliandika juu kabisa ya karatasi ya makubaliano: hauzi dawa, hauzi mbegu, hapokei chochote kutoka duka lolote. Akituandikia dawa, anaandika jina la kilichomo ndani, na sisi tunanunua tunapotaka. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampigia mahesabu nikiona ni hela inakwenda bure, kwa sababu wiki nyingi alikuwa anakuja na kusema "leo usipige chochote." Mwisho wa msimu nikajumlisha madawa, nikakuta nimetumia chini ya nusu ya mwaka uliopita. Wiki zile za "usipige" ndizo zilizomlipa.

Kikundi hiki kilianzia kwenye mafunzo ya SHEP. Ile ni njia iliyoanzia Kenya 2006 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, ikafika kwetu Tanga, na Kilimanjaro na Arusha, kwa jina la TANSHEP. Wanasema anzia sokoni, malizia shambani. Walituambia tuchague watu waende sokoni wenyewe kuuliza wanunuzi: mnataka kabichi ya ukubwa gani, mwezi gani inakosekana, mnalipa lini. Mimi nilipelekwa Tanga mjini na daftari. Tangu kuzaliwa nilikuwa nasubiri dalali aje bondeni, sikuwahi kumuuliza mtu wa sokoni anataka nini. Tukagundua kila mtu kwetu alikuwa anavuna wiki zile zile. Sasa tunapanda kwa kupishana. Naliandika hili kwa sababu wengi wakisikia ugani wanafikiri magonjwa peke yake. Bei ya tenga nayo ni ugani, na mtaalamu asiyeijua atakupa shamba zuri la hasara.

Kwa huko kwenu, udongo mkitaka kupima waulizeni TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya. Na TAHA, chama cha wakulima wa mboga, matunda na maua chenye makao Arusha tangu 2004, nacho kina wataalamu wake, waulizeni kama wanafika Kilolo.

---

mama_matenga

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya siku tano, nilikuwa nang'oa.

Kile kipimo nilikifanya usiku ule ule. Nilikata shina la asubuhi, mjukuu wangu akashika tochi ya simu nyuma ya glasi. Tukakaa. Dakika ya pili hakuna kitu, nikataka kuinuka. Halafu kikatokea kiuzi chembamba cheupe, kinashuka polepole kama moshi wa ubani uliogeuzwa kichwa chini. Kikafuata cha pili, cha tatu. Mjukuu akasema, "Bibi, inatoka maziwa." Glasi ya pili, ya shina la juu, maji yamebaki maji. Ile ya kwanza nikaiacha mezani mpaka asubuhi, nikakuta imekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Sikulia dukani na sikulia shambani, lakini pale mezani nililia, kwa sababu kitu kilichonila 386,000 kilikuwa kinaonekana kwa glasi ya chai.

Mizizi haina vifundo. Mwenye shamba nimemuuliza, akasema bila kuficha kwamba aliyekodi kabla yangu alilima nyanya misimu miwili mfululizo, na kabla ya huyo ilikuwa ngogwe. Mimi sikuuliza. Niliuliza maji yapo mpaka mwezi wa ngapi na bei ya kukodi, basi.

Tumeng'oa mashina 740 kwa jumla. Nimekata mfereji, nimechimba mwingine unaozunguka juu. Vibarua waliniona ninavyowaoshea majembe kwa jiki wakashangaa, sasa wamezoea. Kwa siku tatu hizi kule juu yamelala mashina manne tu. Naomba Mungu.

Sasa la majirani. Nilipita shamba kwa shamba na glasi yangu mkononi. Bonde letu lina wakulima kumi na mmoja wa nyanya, na watatu wana ugonjwa huu huu, na wote watatu walikuwa wanapiga dawa zile zile nilizopiga. Mmoja alikuwa anatupa mashina mtoni, juu yangu. Hatukugombana, nilimwonyesha glasi akanyamaza, kesho yake akaja kunisaidia kung'oa.

Nikampigia bwana shamba kama ulivyoniambia, mwanangu wa Mvomero. Nikasema tuko kumi na mmoja, Alhamisi saa mbili, kwangu. Alifika saa mbili kasorobo. Alisimamisha pikipiki barabarani, akashuka kwa miguu, na kabla ya kuingia shambani akaomba maji aoshe buti. Hapo moyo wangu ukatulia juu yake. Akakaa mpaka saa saba. Akatuonyesha namna ya kutazama chini ya jani mayai ya kantangaze, madogo ya rangi ya krimu, ambayo mimi miaka yote nilidhani ni chavua. Akatuandikia mzunguko: mahindi, kisha kitunguu au kabichi, mnavu wote ung'olewe maana nao ni ukoo wa nyanya. Akasema kwa kweli hana wiki mbili mfululizo za kwetu, lakini kila Alhamisi ya pili ya mwezi tumhesabu.

Kijana wa dukani nimemwonyesha glasi pia. Aliniomba nimwachie picha.

Swali langu kwa wa Lushoto: miezi ambayo hamna kitu shambani mnamlipa vilevile? Wenzangu wawili wanasema hawatatoa hela mwezi wa mahindi. Na hayo makubaliano mliandika wenyewe au mlipata mtu?

---

kitivo_chetu (Lushoto)

Tunalipa nusu miezi ya mapumziko, na ndiyo miezi anayotuandalia kitalu na hesabu ya mbegu, kwa hiyo msimkate kabisa. Makubaliano tuliandika wenyewe, ukurasa mmoja, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Nitakutumia picha ya karatasi, majina nimeyafunika.

Wale wawili wasilazimishwe. Kwetu walianza tisa.

---

ugani_milimani (Mvomero)

Mama, hongera. Jambo moja la kuongeza: ukianza kitalu kipya msimu ujao, udongo wa kitalu usitoke bonde hilo, na miche usinunue kwa jirani wa bonde hilo. Mwambie pia bwana shamba wako aulizie miche ya kubebeshwa. World Vegetable Center, shirika la utafiti wa mboga lenye kituo pale Arusha, limefanya kazi ya kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya linalohimili bakteria huyu. Ni kazi ya mikono na wembe, lakini binti anayejifunza vizuri anaweza kuifanya biashara.

---

mama_matenga

Asanteni nyote. Hilo la kubebesha nimemwita binti yangu akalisoma mwenyewe, anauliza wembe gani.

Jumapili baada ya ibada tunakaa kwangu, wote kumi na mmoja, hata wale wawili nimewaalika. Karatasi ya Lushoto ikifika kabla ya hapo itasomwa. Matenga ya kwanza ya kule juu natarajia wiki mbili zijazo, na kile kipande cha chini nimekwisha mwambia mwenye shamba: msimu ujao napanda mahindi.